Mgongo wa Kitambaa

Nasaba yake nitaiacha. Mwenyewe aliisimulia kiasi cha kututosha sote, mezani, ndani ya lifti, viwandani tukingoja mzigo utolewe stoo, na ni nasaba hiyohiyo iliyonipa hasira ninayoiandikia leo. Nitamwita Mkaguzi. Ndivyo Waswahili wa Guangzhou, huku Uchina, walivyomwita, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukagua vitambaa kabla havijafungwa mabale na kupakiwa kwenye kontena za Dar es Salaam, Unguja na Mombasa. Vitambaa alivikagua kwa haki. Watu aliwakagua kwa kanuni nyingine kabisa, na kanuni hiyo ilimnyima mjukuu wake sari moja ya hariri. Sari hiyo ndiyo kiini cha habari hii.

Nilimjua kwa miaka mingi kwa sababu biashara yangu haikuweza kwenda bila yeye. Nauza mapazia na vitambaa vya nguo. Kabla ya hapo nilisoma historia chuo kikuu, jambo lililomfanya aniite Msomi kwa sauti ambayo sikuwahi kujua kama imebeba sifa au kejeli. Masoko ya Liuhua, yale yaliyoizunguka stesheni ya reli, yana vitambaa vya kumfurahisha kila mwenye macho na vya kumpofusha pia. Mwenye duka, laoban kama tunavyowaita wote, hata asiye na duka, atakufungulia jora, atalivuta hadi penye mwanga, atalipiga kofi liwike. Mkaguzi hakutazama. Alisimama mikono nyuma kama mtu anayengoja basi, na laoban alipomaliza sarakasi zake, yeye alikunja pindo, akaligeuza jora zima, akashusha miwani hadi ncha ya pua.

"Uso ni maneno ya muuzaji," alikuwa akisema. "Mgongo ndio ushahidi."

Nimemwona akikataa shehena nzima ya vitenge kwa sababu ya rangi iliyopenya vibaya upande wa nyuma, huku mwenye mzigo, mwanamke wa Kariakoo aliyekwisha kuwaahidi wateja wake, akimsihi karibu kulia. Hakutetereka. Kasoro ya bahati mbaya aliweza kuisamehe. Kasoro ya makusudi, alisema, ikiwa katika jora moja basi iko katika roho ya kiwanda kizima. Aligeuza kila kitu: mazulia, taulo, hata kanzu ya mtu aliyekuwa ameivaa, akimshika ukosi na kuomba radhi baadaye. Watu walimcheka, lakini hakuna aliyepakia bila yeye.

Alikuwa Mparsi wa Unguja. Kwetu pwani Mhindi yeyote asiye Mwislamu huitwa Baniani, na yeye jina hilo lilimchoma kila mara. "Mimi si Baniani, mwanangu. Baniani ana mahekalu yake na heshima yake. Mimi Mparsi." Kisha ingefuata habari ndefu ya watu wa dini ya kale ya Uajemi, waliovuka bahari na moto wao na sala zao wakapokewa Gujarati, magharibi ya India, na ambao wachache wao baadaye walifika Unguja. Asubuhi alikuwa Mzanzibari, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mji Mkongwe, laini kuliko changu. Jioni alikuwa Mwajemi. Pasipoti yake ilikuwa ya nchi ya nne ambayo hakuwahi kuishi.

Dini yake niliijua kwanza kupitia sigara. Viwandani huku mgeni hukaribishwa kwa sigara, na kuikataa ni kumvunjia mwenyeji heshima. Mkaguzi aliipokea kwa mikono miwili, akaitia nyuma ya sikio, akaendelea na kazi. Hakuvuta hata moja maishani mwake. Moto kwao ni ishara ya nuru ya Mungu, hauchezewi, sembuse kutiwa mdomoni. Kufikia alasiri mfuko wa shati lake ulijaa sigara za viwanda vyote, naye akawagawia walinzi wa Tianxiu Dasha, lile jengo la Xiaobei lenye maduka na ofisi zetu nyingi. "Nawasaidia kutenda dhambi ambayo kwao si dhambi," alisema. Alikuwa na uchangamfu wa namna hiyo, na ndio uliotuchelewesha kumkasirikia.

Bakari, mfanyabiashara wa viatu kutoka Mombasa, alipotimiza miaka hamsini tulimfanyia karamu katika mkahawa wa Xiaobei. Keki ililetwa, mishumaa ikawashwa, Bakari akavuta pumzi kifua kikajaa. Mkaguzi akainuka na kuweka kiganja kati ya mdomo wa Bakari na keki.

"Moto haupulizwi. Mdomo una mate."

"Sasa Mzee, tuuzime na nini? Tumwite zimamoto?"

"Uache umalize kazi yake."

"Hii ni keki ama karabai?"

Tuliangua kicheko, lakini Mkaguzi hakuondoa mkono. Basi tukakaa, watu wazima zaidi ya ishirini, tukiitazama mishumaa ikiisha yenyewe, nta ikimiminika juu ya krimu. Tulikula keki yenye ladha ya mshumaa na Bakari akaapa kwamba mwakani atakata tikiti maji. Usiku ule nilimpenda yule mzee. Niliona mtu aliyebeba kitu cha kale mikononi katikati ya mji usio na muda, bila kukiona haya. Naandika hivi ili isidhaniwe kwamba namchukia, kwani chuki ingekuwa kazi nyepesi zaidi.

Katika mkahawa huohuo, kila alipoletewa chai ya maziwa, alisimulia kisa kimoja. Wahenga wake walipofika pwani ya Gujarati, mfalme wa pale aliwapelekea bakuli la maziwa lililojaa hadi ukingoni, maana yake nchi imejaa, hapana nafasi. Kuhani wao akatia sukari ndani ya yale maziwa. Hayakumwagika, yalipata utamu tu. Mfalme akaelewa, akawaruhusu kukaa. "Ndio sisi," Mkaguzi angemalizia, akikoroga chai yake. "Hatukumwaga maziwa ya mtu. Gujarati hatukumwaga, Unguja hatukumwaga."

Kisa ni kizuri, nami nilikisikia mara nyingi kabla sijakisikia kwa sikio la binti yake.

Binti yake ni Roshan, rafiki yangu. Ana ofisi ya kusafirisha mizigo ghorofa mbili chini ya ofisi ya baba yake, jengo lilelile, lifti ileile. Aliolewa na mtu wa Tanga, Mwislamu mpole anayejulikana kwa kusahau miavuli, na tangu siku ile baba yake aliacha kumwita kwa jina. Hakumfukuza. Laiti angemfukuza, tungelia, tungesuluhisha. Alichofanya ni kumgeuza kuwa wakala wa mizigo. Nimesimama nao ndani ya lifti ile mara zisizohesabika nikisikiliza mazungumzo yao yote:

"Kontena ya Mombasa imefungwa?"

"Imefungwa."

"Lakiri?"

"Ziko sawa."

Kisha mlango ukafunguka, Roshan akashuka. Baba na mwana wa kumzaa, na kwa miaka yote ile hawakuwa na kauli isiyohusu shehena.

"Shoga," Roshan aliniambia siku moja tukifunga mabale ofisini kwake, "kile kisa cha maziwa baba anakipenda, ila hakifikirii. Sukari ikishaingia kwenye maziwa, nani ataitoa? Yeye kutwa ameshika chujio."

Ningeweza kuyavumilia haya kama ingekuwa sheria ya dini tu, msumeno unaokata mbele na nyuma. Mtu ana haki ya kuilinda jamii yake ndogo isipotee, na Waparsi ni wachache kweli. Lakini Mkaguzi alikuwa na mtoto wa kiume huko Toronto, na huyo alioa Mkanada wa kanisani. Mkaguzi alipanda ndege kwenda kushuhudia binti wa mwanawe huyo akivishwa fulana takatifu na kufungwa kiunoni ule uzi wa sufu ambao Mparsi huufungua na kuufunga tena kila asalipo. Alirudi na picha, akatuonyesha Tianxiu nzima. Kwa kanuni aliyoishika, mtoto wa Mparsi mwanamume ni Mparsi, mama awe nani awaye. Mtoto wa Mparsi mwanamke aliyeolewa nje si kitu. Damu ileile, babu yuleyule, ila mlango mmoja una bawaba na mwingine umepigwa misumari. Najua wapo Waparsi wenyewe, wake kwa waume, wanaoipinga kanuni hiyo kwa nguvu zote. Mkaguzi hakuwa miongoni mwao, na hakuona haja ya kuigeuza aone mgongo wake.

Mtoto wa Roshan ni Zuhura. Babu yake alimpenda. Hilo silipingi, nalo ndilo linalonikera zaidi. Kila mwanzo wa mwaka wa shule alimchukua Yide Lu, kwenye maduka ya jumla ya vifaa vya shule na wanasesere, akamnunulia kalamu na madaftari ya kumtosha darasa zima, huku akibishana na wauzaji kwa Kichina chake cha sokoni, "tai gui le, tai gui le," ghali mno, ghali mno, mpaka mtoto akajifunza kuimba hivyo kabla ya kujifunza kuhesabu. Alimbeba mabegani. Alimmenyea machungwa. Lakini wakati wa sala yake ulipofika, alimtoa nje ya ofisi na kufunga mlango.

Siku moja, Zuhura akiwa na umri wa miaka sita hivi, mlango haukufunga vizuri. Nilikuwa kwenye korido na mama yake. Tulimkuta mtoto amesimama mbele ya ule upenyo, ameufunga kiunoni ukanda wa plastiki tunaofungia mabale, anaufungua, anaufunga, midomo ikicheza bila sauti, sawasawa na alivyomwona babu yake akifanya dirishani. Alikuwa amezama katika heshima kuliko mtoto yeyote niliyewahi kumwona. Mkaguzi alipomaliza akatoka, akaona. Hakupaza sauti. Aliinama, akaufungua ule ukanda taratibu, akauviringisha, akautia mfukoni mwake pamoja na zile sigara.

"Huu si wako," alisema.

Ule ulikuwa ukanda wa bale! Hata huo alimnyang'anya. Roshan alimshika mtoto mkono wakashuka kwa ngazi, na mimi nikabaki nimesimama nikitazama mfuko wa shati la yule mzee.

Mwaka mmoja alinipeleka kwenye makaburi. Ng'ambo ya mto, upande wa Huangpu, kuna kisiwa kiitwacho Changzhou, na juu ya kilima chake wamelala Waparsi waliokuja kufanya biashara hapa zamani, wakati mji huu Wazungu waliuita Kantoni. Alikwenda kila mwaka na ufagio wake mwenyewe. Alinichukua, nadhani, kwa sababu nilisoma historia na alitaka mtu wa kumsifia wafu wake. Alifagia majani, akapangusa maandishi ya Kigujarati kwa kitambaa chenye maji, akawasha taa ndogo ya mafuta akiikinga upepo kwa mwili wake.

"Hawa walikuja na pamba ya India," alisema. "Wakarudi na hariri na chai."

"Pamba tu, Mzee?"

"Pamba. Na viungo."

"Na afyuni."

Akakikamua kile kitambaa chake. Nilijua nakanyaga pabaya, lakini historia hiyo iko wazi kwa kila aliyeisoma: baadhi ya mali kubwa iliyojenga shule na hospitali za kupendeza huko India ilichumwa hapa, kwa sumu iliyouzwa kwa watu wa mji huu.

"Mgongo ndio ushahidi," nikamkumbusha.

"Kaburi halina mgongo, Msomi. Soma uso wake, inatosha."

Huyo ndiye mtu aliyemkatalia mwanamke wa Kariakoo shehena nzima kwa sababu ya rangi iliyovuja. Nikaona nisikome. Nilimuuliza kama dini yake haikatazi kumtia maiti udongoni. Nilikuwa nimesoma kwamba ardhi nayo ni takatifu kwao, na kwamba wafu wao huwekwa juu, katika minara, wakaachiwa jua na ndege.

"Inakataza," alisema. "Lakini huku hapakuwa na mnara."

"Basi nani aliwaruhusu hawa kuzikwa?"

Alifikiri, akiegemea ufagio. "Safari," akasema hatimaye. "Safari iliwaruhusu."

"Na Roshan? Yeye hakusafiri?"

Akaurudisha ufagio begani na kuanza kuteremka. Ndani ya kivuko, karibu na ukingo huu wa mto, ndipo alipolipiza. Aliuliza kwa upole kabisa, akitazama maji: "Kwenu, Msomi, binti anarithi sawa na kaka yake?" Nikasema hapana. "Na binti yako akikuletea Mchina asiyetaka kusilimu, utapika pilau?" Alikuwa amenigusa penye kidonda, na kwa kuwa alinigusa penye ukweli hasira yangu haikupungua hata kidogo, ilipata mizizi. Kwani kasoro ya jora langu haiwi dawa ya kasoro ya jora lake. Sote wawili tungepaswa kukataliwa mzigo.

Sasa sari. Ilikuwa ya mama yake: hariri ya zambarau iliyokolea karibu kuwa nyeusi, imetariziwa korongo weupe wanaoruka, maua ya peoni, vidaraja, na vijitu vidogo vilivyobeba miavuli. Waparsi huiita gara. Aliihifadhi katika kifuko cha kitambaa cheupe, pamoja na karafuu za kufukuza nondo, akaitoa mara chache kama mtu anayemtoa mgonjwa juani. Mgongo wake ulikuwa safi karibu sawa na uso. Ndicho kitambaa pekee nilichowahi kumwona akikigeuza kisha akakosa la kusema.

Na nani aliitarizi? Mafundi wa mji huu. Wafanyabiashara Waparsi waliwaagizia mafundi wa Kantoni hariri za wake zao, mafundi wakatarizi ndege wa kwao na maua ya kwao, na nguo hizo zikafika India, zikawa vazi la harusi, zikawa fahari ya ukoo, hadi leo hakuna kitu kilicho cha Kiparsi kuliko gara. Kwa maneno mengine, kile alichokilinda kama kilele cha usafi wa nasaba yake kilishonwa na mikono ya watu wasio wa nasaba hiyo hata kwa tone moja. Nilimwambia hivyo. Alitabasamu. "Mikono ni ya fundi," alisema, "nguo ni ya mwenye kuivaa." Alikuwa na methali kwa kila mlango aliotaka kuufunga.

Gara hupitia kwa wanawake. Zuhura alipochumbiwa na kijana wa Mombasa alikuja kwangu akaniomba nimsindikize kwa babu yake, kwa kuwa mama yake hangeweza. Alikuwa amevaa vizuri, amefunga ushungi, ana wasiwasi kama mwenye mtihani. Mkaguzi alimkaribisha kwa furaha, akamenya chungwa.

"Babu, naomba kuvaa gara ya bibi mzaa babu. Siku ya harusi tu. Nitairudisha."

Aliendelea kumenya. Ganda lilitoka zima, refu, halikukatika.

"Ile ni ya binti wa nyumba, mwanangu."

"Sikuja kuomba dini, Babu. Dini ninayo. Nimekuja kuomba nguo."

"Najua."

"Basi mimi ni nani humu?"

Akaligawa chungwa, akamwekea pande zote kiganjani. "Wewe ni mgeni ninayekupenda kuliko wageni wote."

Alilisema kwa mapenzi ya kweli. Hapo ndipo niliposimama. Nilimwambia mbele ya mjukuu wake kwamba nimeishi na makabila na dini nyingi na sijawahi kumsikia mtu akimtukana mtoto wake kwa sauti tamu namna ile. Zuhura alinivuta mkono. Lile chungwa aliliweka juu ya meza, hakula hata pande moja.

Wiki iliyofuata gara ilikwenda Toronto, mkononi mwa msafiri aliyeaminika. Mkaguzi alitutangazia mwenyewe: mrithi amepata haki yake.

Zuhura aliolewa kwa kisutu, ile kanga ya maharusi, nyekundu na nyeusi na nyeupe, aliyoletewa na bibi yake wa Tanga. Wenye kujua husema chimbuko la mapambo yake ni vitambaa vya Gujarati vilivyoshuka pwani yetu zamani. Hata hicho kimetoka India, lakini kilipofika kwetu hakikumuuliza bibi harusi baba yake nani. Mkaguzi alihudhuria. Alikaa karibu na mlango, akala biriani, na bibi harusi alipopita mbele yake alikunja pindo la kile kisutu, akaligeuza, akatikisa kichwa kukubali. Nilitamani kumnyang'anya.

Baada ya hapo sikumtafuta kwa miezi mingi. Mizigo yangu nilimpa kijana mwingine wa kukagua, asiyejua kazi, na nilipata hasara kwa furaha.

Nilikutana naye tena mbele ya lifti za Tianxiu, asubuhi yenye watu wengi na mikokoteni ya mabale. Alikuwa amepungua. Shati lilimning'inia, mfuko wa sigara ulikuwa mtupu, na mkononi alikuwa na kifurushi cha posta kilichofunguliwa. Hakunisalimu. Alikichana kikachanika zaidi, akanionyesha.

Ulikuwa utepe wa zambarau, upana wa kiganja. Pindo la gara. Korongo mmoja alikatwa shingo na mkasi ulionyooka kabisa. Kisha akanipa simu yake: mjukuu wa Toronto, msichana mchangamfu, amevaa jaketi fupi la sherehe, maua ya peoni mgongoni, vijitu vyenye miavuli kwenye mikono. Amecheka meno yote. Alimwandikia babu yake kwamba amempa vazi hilo uhai mpya, na kwamba anamrudishia kipande kilichobaki kwa kuwa anajua anakipenda.

"Hakujua," alisema Mkaguzi.

"Wewe ulijua."

Mikokoteni ilitupita. Akasogea karibu, akapunguza sauti kama anayeomba punguzo la bei. "Bado wapo mafundi wa mkono mjini humu. Wakishone hiki juu ya hariri mpya, iwe gara. Umpelekee Zuhura. Umwambie imetoka kwako."

"Kwangu?"

"Ndiyo, Msomi. Kwako."

Naweza kusema kwamba katika maisha yangu sijawahi kukasirika hivyo. Hata kutoa alitaka kutoa bila kuonekana kwamba amempa. Nilimwambia kwamba lifti ni hii, kwamba amepanda na mwanawe humo miaka na miaka, na kwamba kama miguu yake inafika juu basi itafika pia ghorofa mbili chini. Lifti ikafunguka. Aliingia. Nikaingia naye, kwa sababu sikumwamini, na nikabonyeza kitufe cha ghorofa ya Roshan mimi mwenyewe.

Roshan alikuwa anaandika majina kwenye mabale kwa kalamu nene. Alituona, akafunika kalamu. Baba yake aliweka kifurushi juu ya meza.

"Mzigo wa nani?"

"Wa Zuhura."

Roshan aliutoa ule utepe. Nilimwona akiutambua. Kisha akafanya alichofunzwa tangu utoto. Aliugeuza, akapitisha kidole mgongoni polepole, mshono kwa mshono, hadi ukingoni, pale mkasi ulipopita.

"Umekatwa."

"Umekatwa kule."

"Mkaguzi akikuta mzigo umekatwa hufanya nini?"

"Hukataa."

"Basi nimekataa." Akaukunja vizuri, akaurudisha mbele yake. "Mwanangu ameolewa kwa kisutu. Hakukosa nguo."

Nilitegemea aondoke. Alisimama, vidole juu ya kile kifurushi, na nikalisikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu nimfahamu.

"Roshan," alisema. Lilitoka kwa shida, kama mlango wa chumba kisichokaliwa. "Si mzigo. Ni ya bibi yako."

"Ilikuwa ya bibi yangu ilipokuwa nzima."

"Nilitazama uso," akasema. "Kwa yule wa Toronto, na kwenu. Nilitazama uso tu."

Roshan hakumkumbatia, na mimi nilifurahi kwamba hakumkumbatia. Miaka ile haikuwa yake kuisamehe kwa neno moja la ufundi, na zaidi ya yote haikuwa yake peke yake. Ilikuwa pia ya mtoto aliyevuliwa ukanda wa bale kwenye korido, na huyo hakuwapo chumbani. Roshan alivuta kiti cha wateja kwa mguu. Akafungua chupa ya chai, akamimina chai ya maziwa kikombe kikajaa hadi ukingoni, akakisukuma mbele ya kiti, na karibu yake akaweka kopo la sukari.

"Keti," alisema. "Sukari utatia mwenyewe, Baba."

Akarudi kwenye mabale yake. Niliondoka nikiwa na hasira yangu, ninayo bado, wala sioni haja ya kuificha. Lakini mlangoni niligeuka. Mkaguzi alikuwa ameketi, kifurushi juu ya mapaja, ameinama kama mtu anayekagua. Alichota kijiko kimoja, akakiteremsha taratibu sana ili maziwa yasimwagike, akaanza kukoroga, akakoroga, akakoroga, huku akitazama ndani ya kikombe kana kwamba kuna kitu amekidondosha humo na bado anakitafuta.